Kichupa Chini ya Kitanda

Nyansurura, 9 Januari 2024

Baba Huruma,

Salamu nitaziweka mwishoni, kama nitakuwa bado ninazo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu umeshakuwa fundi. Nikiuliza neno la maana mtandao unakatika, nikiuliza habari za ng'ombe mtandao unarudi. Barua hii ameibeba Nashoni, dereva wa basi, na nimemwambia asipite hapa wiki ijayo bila jibu lako.

Jana nimefua lile shati la kijani nililokushonea mwezi wa tisa, uliloliacha hapa Krismasi. Mimi ni fundi cherehani, Kornelio. Najua jasho la mwanamume linakaa wapi kwenye shati, na vumbi la mawe ya dhahabu linakaa wapi. Mafuta niliyoyakuta hayako kolani wala kwapani. Yako katikati ya mgongo, mahali ambapo mkono wako mwenyewe haufiki. Nimejaribu. Nimekaa kwenye kiti cha cherehani nikajipinda hadi shingo ikanikaza, Huruma akadhani nimepatwa na kifafa. Haufiki.

Na yananukia nazi. Hapa kwetu tunapaka mafuta ya mgando. Nazi inatoka wapi huko Nyamongo?

Krismasi ulilala siku sita na fulana. Nikauliza, ukasema baridi. Baridi gani ya Desemba? Ulikuwa unaoga mlango umeufunga kwa kamba, wewe uliyezoea kutoka bafuni taulo likiwa begani unaimba, mpaka mama yako anakukemea. Nilipokushika kiuno uliruka utadhani nimekuchoma.

Swali langu ni moja, nalo lina jibu moja. Nani anakupaka mafuta mgongoni?

Huruma anakusalimu. Mimi nasubiri.

Wegesa

*

Nyamongo, 14 Januari 2024

Mke wangu Wegesa, mwenye wivu wa kushona na kudarizi,

Nimepokea barua yako kwa mikono miwili, maana ilikuwa ya moto. Nashoni alisimama pale pale akinitazama kama askari wa mahakamani.

Mama Huruma, wewe hujui kazi ya karasha. Hii mashine ya kusaga mawe inatema mafuta kila upande. Nalala chini yake kwa mgongo nikikaza nati, sakafu imejaa grisi. Ulitaka mafuta yaende wapi, puani? Na hiyo nazi ni sabuni ya dukani, siku hizi kila sabuni ina nazi. Hakuna mtu wa kunipaka mafuta huku. Huku ni wanaume, vumbi na kelele.

Pasaka sitaweza kuja, kazi imekuwa nyingi. Nakutumia kitenge, kishone upendavyo. Mwambie Huruma asome kwa bidii.

Ni mimi mumeo,
Kornelio Matiko

*

Nyansurura, 21 Januari 2024

Judith,

Sikuamkii, maana sijui kama wewe ni wa kuamkiwa au wa kukemewa. Mimi ni Wegesa Nyangwine, mke wa Kornelio Matiko kwa ndoa ya kanisani na kwa ng'ombe wa baba yake.

Mume wangu ameniandikia kwamba mafuta ya mgongoni ni ya mashine. Mstari unaofuata akasema ni ya sabuni. Mimi nimezaa mtoto na huyu mtu, namjua akidanganya: anatoa sababu mbili wakati moja ingetosha.

Rose, binti ya shangazi yangu, anauza uji jirani na karasha, na anapanga nyumba moja na Kornelio. Ameniambia kila jioni Kornelio akitoka kazini anapita uani nyuma ya duka lako la dawa, anavua shati, anakaa kwenye kigoda, na wewe unampaka mafuta kuanzia shingoni kushuka chini. Rose ameona kwenye tundu la bati la ua wako. Alisema unapaka polepole. Hilo neno, polepole, limeninyima hamu ya kula tangu Jumatano.

Nataka kujua umeanza lini. Nataka kujua unampa nini hata mtu mwenye nyumba na mke akashindwa kuja kwake Pasaka. Na nataka kujua kama akiwa hapo kwako anacheka. Hilo la kucheka nalitaka kuliko yote, kwa sababu huku nyumbani ameacha.

Wegesa Nyangwine,
mwenye mume

*

Nyamongo, 27 Januari 2024

Wegesa,

Barua yako nimeisoma dukani, wateja wakingoja. Una mwandiko mzuri kwa mtu mwenye hasira.

Ndiyo, nampaka. Nimeanza Aprili mwaka jana. Nampaka kila jioni, na nitaendelea kesho na keshokutwa. Zaidi ya hapo sikuambii. Mumeo aliniomba nisiseme, na mimi niliapa zamani kutunza mambo ya watu. Sivunji kiapo kwa sababu ya barua ya matusi.

Umri wangu hukuuliza, na ninakolala hakukuhusu. Mwambie Rose lile tundu la bati nimeliziba.

Umeuliza kama anacheka. Hacheki. Na kwa sasa mimi naijua ngozi ya mumeo kuliko wewe. Sisemi hivyo kujisifu. Muulize mwenyewe, lakini muulize kama mtu anayetaka jibu, usimuulize kama polisi.

Jumatatu tarehe kumi na mbili mwezi ujao ana safari ya Mwanza. Usimzuie.

Judith Mboje

*

Nyamongo, chumbani kwako, Jumamosi 10 Februari 2024

Kornelio,

Naandika nimekaa kitandani kwako. Rose ndiye aliyenifungulia, wewe uko karashani.

Nimekuja kwa sababu huyo Judith wako ameniandikia kwamba anaijua ngozi yako kuliko mimi, na kwamba Jumatatu una safari ya Mwanza. Nikasema basi wanakwenda wote, wamepanga na nyumba ya wageni. Nilikuja nikukute na mwanamke. Mwanamke sikumkuta. Nimekuta kibaya zaidi.

Chini ya kitanda kuna sufuria lenye kifuniko. Ndani kuna kitu kimefungwa kwa kipande cha khanga ya kike. Nimefungua. Ni kichupa. Kina maji yenye harufu ya kukaba koo, na ndani ya maji kuna kipande cha nyama. Nimekipeleka dirishani kwenye mwanga. Ni nyama yenye ngozi, Kornelio. Na kwenye kichupa kumebandikwa karatasi: Kornelio Matiko, mgongo, na tarehe ya jana. Mwandiko ni wa Judith. Barua yake ninayo mkobani, nimelinganisha. Ile K yenye mkia mrefu ni yake.

Kwa hiyo ni hivyo. Amekutengeneza. Nilikuwa nasikia kwamba huku machimboni watu wanatengenezwa, nikasema ni maneno ya walevi. Sasa nimeshika kwa mkono wangu limbwata lenye jina la mume wangu. Ndiyo maana huji nyumbani. Ndiyo maana nikikugusa unaruka. Nimelia kwa uchungu, halafu nimelia kwa furaha, kwa sababu nimejua hukuacha kunipenda kwa akili yako mwenyewe.

Nimekimwaga chooni. Nimemwagia ndoo tatu za maji juu yake. Kichupa nimekivunja kwa jiwe, ile khanga nimeichoma moto. Nimesali Baba Yetu mara tatu.

Sasa uko huru. Ukijisikia mwepesi leo usishangae. Nakusubiri nyumbani, mjinga wewe ninayekupenda.

Mkeo wa kweli,
Wegesa

*

Nyamongo, 11 Februari 2024

Wegesa,

Ile nyama ilikuwa yangu. Uliyemmwaga chooni ni mimi.

Ijumaa daktari mgeni alipita kituo cha afya hapa akanikata kipande cha ngozi mgongoni, akanishona nyuzi tatu. Akasema nikipeleke Mwanza Jumatatu kwa mkono wangu, wakakiangalie kwa hadubini. Judith aliandika jina kwa sababu mwandiko wangu unaujua, akakifunga kwa khanga yake ili kisigongwe kwenye basi. Ni mara ya tatu nakatwa. Kipande cha kwanza walisema kidogo mno, hakionyeshi kitu. Cha pili kiliharibika njiani. Hiki ndicho daktari alikitazama akasema, safari hii tutajua. Yeye hurudi baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo kujua kutasubiri miezi mitatu.

Sasa nikwambie kile ulichokuwa unatafuta kwenye shati.

Nina mabaka. Yalianza mwaka 2020 kiunoni na matakoni, meupemeupe, makavu, yanawasha, nikawa nikija nyumbani nazima taa mapema usiyaone. Nikaambiwa ni fangasi, nikapaka dawa za fangasi mwaka mzima. Nikaambiwa ni pumu ya ngozi, nikapaka za pumu ya ngozi. Yakapanda mgongoni. Halafu mtu mmoja akataja ukoma, na tangu siku hiyo nikaanza kulala na fulana.

Unakumbuka mwaka ule tulipooana, tulivyokwenda kumsalimia baba mdogo Mirumbe? Alikuwa amepona ukoma zamani, dawa alimaliza, vidole tu ndivyo vilivyokuwa vimeliwa. Ulikataa ugali wake, ukasema tumbo. Maziwa aliyokupa kwa mkono ule ulitoka nayo nje ukayamwaga nyuma ya zizi. Ulidhani sikuona. Niliona. Sikukusema, ulikuwa bibi harusi. Lakini yale mabaka yalipofika mgongoni nilijua mke wangu akiyaona atatoka na mimi nje, animwage.

Judith ni nesi mstaafu, ana umri wa mama yangu. Huko kwao Usukumani alihudumia wagonjwa wa ukoma miaka mingi. Siku ya kwanza alinichoma choma kwa sindano kwenye mabaka, akauliza unasikia? Nikasema nasikia. Akasema basi huu si ukoma, hiki ni kitu kingine, lazima wakate. Yale mafuta ni ya kutuliza muwasho tu, ili niweze kulala.

Usije. Usipige simu. Hasira niliyonayo si ya kupiga kelele.

Kornelio

*

Nyansurura, 20 Februari 2024

Mama Judith,

Shikamoo.

Salamu hii nilikunyima mwezi uliopita, naomba uipokee sasa. Naomba msamaha kwa matusi, kwa tundu la bati, na kwa khanga yako. Kwa kile kichupa sijui hata namuomba nani. Nikikaa kwenye cherehani naona ile nyama dirishani, jinsi nilivyoigeuza geuza kwenye mwanga. Nilimshika mume wangu mkononi na sikumtambua.

Lakini kwa kuwa nimeapa kusema kweli, nakwambia yote. Wivu haujaisha. Nilipojua kwamba u mtu mzima nilitegemea utaisha, nao umeongezeka. Ungekuwa kimada ningejua la kufanya. Ningekuja na Rose, tungekushika nywele, na yangekwisha. Lakini wewe amekuonyesha kwa hiari yake. Alivua shati akageuka, akasema tazama. Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na moja, na mgongo huo nilinyimwa. Namjua kwa futi ya kitambaa: bega kwa bega inchi kumi na nane, mkono inchi ishirini na nne na nusu. Nikifumba macho namkatia shati. Mabaka yake siyajui hata moja.

Nionee huruma, mama. Yako mangapi? Yako wapi?

Mwanao,
Wegesa

*

Nyamongo, 1 Machi 2024

Mama Huruma,

Marahaba.

Nilimuuliza mumeo kama nikuambie. Siku ya tano akasema, mpe namba tu. Ni ishirini na mawili.

Yako wapi hajaniruhusu. Ngoja akuruhusu yeye. Hataki uje, na mimi namwelewa. Lakini ameuliza kama barua yako ilikuwa ndefu, nikasema ndefu, akauliza kama ulilia juu yake, nikasema wino umechuruzika sehemu mbili. Akavaa shati akaondoka.

Daktari atarudi Mei, atakata tena. Safari hii kichupa kitalala kwangu.

Sasa niseme la kwangu. Nina miaka sitini na sita. Nilimfuata mume wangu huku machimboni, na shimo likamchukua mwaka wa tatu. Tangu hapo sijapata mtu wa kunipaka mimi mgongo, na mgongo wa mzee unakauka sana. Kornelio akishaondoka jioni nanawa mikono, nakaa na redio. Kumbe yuko mtu Nyansurura ananusa shati, anakosa kula, anapanda basi kuja kupigana kwa ajili ya huyu mtu mmoja. Kama ni wivu, mwenye haki nao ni mimi.

Khanga nilikuwa naipenda. Usilete nyingine, haitafanana.

Judith Mboje

*

Nyansurura, 30 Machi 2024

Baba Huruma,

Kesho ni Pasaka na hutakuwepo. Umeniambia nisije, sijaja. Umeniambia nisipige, sijapiga. Kuandika hukunikataza.

Jumatano nilikwenda kwa baba mdogo Mirumbe. Nilikwenda peke yangu kwa miguu, sikutaka mtu wa kunisindikiza anisifu. Nilimkuta anapura mtama. Nikamwambia baba, nina njaa. Aliita mjukuu wake akasonga ugali, tukala sahani moja, mkono wake na wangu. Akanimiminia maziwa. Nimekunywa yote, nikalamba na mdomo wa kibuyu. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa miaka kumi na moja. Aliniongezea tu. Nimerudi nyumbani nikajifungia, nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Kitenge ulichonitumia nimempa mama. Nilikuwa nakitazama nakiona rushwa.

Nimekushonea shati. Ni la pamba laini, halina mshono wowote mgongoni wa kukwaruza, na nyuma linafunguka kwa kamba, ili mtu akitaka kukupaka asikuvue lote. Sijui vizuri pa kuacha nafasi kwa sababu sijui mabaka yalipo. Nimekisia. Nimekaa na chaki mkononi, nikikisia mgongo wa mume wangu mwenyewe.

Naomba moja. Sitaki yote ishirini na mawili. Nionyeshe baka moja, utakalochagua wewe, hata liwe dogo kuliko yote. Nikilitazama vibaya, nifukuze.

Wegesa

*

Mwanza, 24 Julai 2024

Mama Huruma,

Nakuandikia nikiwa wodini. Kipande cha nne kimejibu.

Ni saratani. Usiiache hii barua hapo, endelea kusoma. Inaitwa limfoma ya seli T ya ngozi. Daktari wa hapa ni mama mmoja mpole, alinichorea kwenye karatasi. Miongoni mwa chembe nyeupe za damu kuna walinzi wa mwili. Wapo wanaoitwa seli T, na wapo wanaoitwa seli wauaji wa asili, ambao wakikutana na adui hawangoji amri. Walinzi hao wakiharibika, hiyo ndiyo limfoma yao, na si moja, ni ukoo mzima wenye tabia mbalimbali. Nilimwambia nimeelewa, ni kama sungusungu walioacha kulinda kijiji wakahamia nyumbani kwa mtu, wanakula kuku wake na hawatoki. Akacheka, akasema hajawahi kuielezea vizuri hivyo.

Wangu wamehamia kwenye ngozi. Jirani yangu wa kulia anatoka Geita, wake wako puani. Miezi minane alitibiwa mafua sugu huku pua inazidi kuziba na kutoka damu, na hiyo ni ya wale wauaji wa asili, inakwenda mbio, anachomwa kwa mionzi. Yuko kijana wa Maswa, yake iko kwenye tezi za shingo na kwapa, homa na jasho kila siku, anawekewa dripu za dawa kali. Nikiwaona naogopa, halafu naona aibu kwamba nashukuru. Yangu ni ya polepole. Hata jina lake la kidaktari lina neno la fangasi ndani, anasema walioipa jina zamani waliiona inafanana na uyoga. Kumbe na mimi sikudanganywa peke yangu.

Haiambukizi. Nimemuuliza mara tatu. Sahani, shuka, kitanda, haiambukizi.

Haiishi kabisa pia, mara nyingi. Inatulizwa. Nimepewa mafuta makali ya kupaka na vidonge vya mara moja kwa wiki. Mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi, ila baka likinenepa likawa uvimbe, au yakizuka mapya, mambo yanabadilika na lazima wajue mapema.

Najua unachotaka kuuliza. Nilimuuliza kwa niaba yako kama ile miezi mitatu imeniumiza. Alisema kwa ugonjwa wa mwendo huu hawezi kusema miezi mitatu imefanya nini, pengine kitu, pengine hakuna. Nimekuandikia alivyosema. Ningelipunguza neno ningekuwa nakudanganya tena, na mimi nimechoka kudanganya.

Nesi anayenipaka huku ni mwanamume, na mikono yake ni ya kukwaruza kuliko karasha. Nimeona nikutajie kabla hujapanda basi.

Daktari amesema nikirudi lazima awepo mtu wa kuniangalia mwili mzima kila wiki, mbele, nyuma, hadi utosini, aone kama kuna kilichoongezeka. Akauliza, nyumbani kuna mtu mwenye jicho kali?

Nilicheka, Wegesa. Nilicheka hadi yule wa Geita akageuka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu.

Njoo unichukue. Njoo na lile shati.

Kornelio

*

Nyansurura, 17 Novemba 2024

Mama Judith,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mgonjwa wako hajambo kiasi. Vidonge anameza Jumapili, Jumatatu anakuwa na kichefuchefu, Jumanne anagombana na kila mtu, Jumatano anakuwa mtu mwema. Karasha ameacha, anachunga na anasaidia kutia vifungo dukani kwangu. Anashona kifungo kimoja kwa nusu saa. Siku moja moja anamwambia Huruma achore saa kwenye mgongo wake kwa chaki ampimie muda wa kifungo, wanacheka wote wawili.

Nimefanya kama ulivyonifundisha. Nimechukua ile karatasi ngumu ya kukatia mashati, nimemchora mbele na nyuma kwa kipimo chake halisi, na kila baka nimelitia mahali pake, urefu na upana kwa futi. Kila Jumapili baada ya ibada anakaa uani mchana kweupe, namzunguka na ile karatasi. Mara ya kwanza nilianza na lile alilonichagulia, la kwenye bega la kulia, dogo kuliko yote. Nililitazama, mama, halafu nikaweka shavu langu juu yake, maana niliona kutazama tu hakutoshi. Baada ya hapo alinionyesha mengine.

Matano yamefifia. Mawili ya kiunoni siyaoni tena nisipoyatafuta.

Usidhani nimekuwa malaika. Nina wivu na yule daktari mama, kwa kuwa Kornelio anamtaja na tabasamu. Nina wivu na kigoda chako. Tulipokuwa Mwanza nesi mmoja wa kike alisema, mgonjwa huyu ana ngozi ya kuvutia kimasomo, nikamwuliza anaitwa nani na ameolewa wapi. Na yale ishirini na mawili bado yananichoma, kwa sababu yote uliyaona wewe kwanza. Nimeshakubali, ni yako. Lakini kila Jumapili nilikuwa namzunguka na jicho lile lile lililokuwa linatafuta mafuta ya nazi, na moyoni nikisema, siku moja nitaona kitu kwenye mwili wa huyu mtu kabla ya mwanamke mwingine yeyote. Nilikuwa nakitamani hicho kitu. Nakwambia wewe tu.

Leo nimekiona.

Liko nyuma ya sikio la kushoto, ndani ya nywele, dogo kama kifungo cha shati la mtoto. Nimelipima. Nimepapasa, limeinuka kidogo, halikulala kama yale mengine. Kwenye karatasi halipo. Daktari hakuliona, wewe hukuliona, yeye mwenyewe hawezi kuliona. La ishirini na tatu ni langu mimi Wegesa, wa kwanza duniani kuliona. Chukua, mama. Nakupa wewe. Ningekupa na hayo mengine yote, na vile vicheko vyake, mradi tu lisingekuwepo.

Nashoni nimeshampigia. Kesho asubuhi ametutunzia viti viwili vya mbele twende Mwanza kwa daktari, Huruma atabaki kwa baba mdogo. Barua hii anakuletea kijana wa bodaboda jioni hii; nakuomba utusubiri barabarani basi likipita Nyamongo, najua Kornelio atataka kukuamkia, na mimi nataka unishike mkono japo kidogo.

Ninapoandika hapa yeye yuko kwenye kigoda mbele yangu, amenipa mgongo, shati limefunguliwa kamba. Ananiuliza mbona umenyamaza, Mama Huruma, unafanya nini huko nyuma. Nimemwambia nahesabu. Ananiuliza mbona leo unahesabu muda mrefu hivyo.

Tuliapiana hakuna kufichana tena. Nikishatia jina langu hapa naweka kalamu chini, nashika lile sikio lake, namwambia.

Mwanao,
Wegesa